Gari Lililoacha Kunuka

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi wa nyuma kabisa sogeeni mbele, mabenchi ya huku hayang'ati. Leo, kabla ya neno lenyewe, nataka niwapakie wote kwenye gari la mtu mmoja tuzunguke naye kidogo, kisha nitawashusha hapa hapa mlipo. Nauli sidai.

Kulikuwa na bwana mmoja, fundi umeme, Mpare mwenzangu. Nikimtania mniachie, tunajuana wenyewe. Mtoto wake wa kwanza alikuwa binti anaitwa Nakijwa, kwa hiyo mtaani kote yule bwana alijulikana kama Baba Nakijwa. Siku moja akapata gari. Noah. Si Nuhu wa safina, ni Noah ya kutoka Japani, ile yenye safu tatu za viti. Wapendwa, gari lile lilipendwa! Aliliosha kabla ya kwenda kazini na akaliosha akirudi. Akashonesha kava za viti, nzuri, za rangi ya maziwa. Halafu juu ya kava akavalisha nailoni. Ukimuuliza, "Kava ni za nini?" anakwambia za kulinda viti. "Na nailoni?" Ya kulinda kava! Majirani wakaacha kumwita Baba Nakijwa, wakaanza kumwita Baba Noah. Naye akawa anaitika, tena anacheka.

Lakini kabla hamjamcheka sana, jueni kwa nini alilitaka gari lile. Nakijwa alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali siku ya mvua kubwa. Baba yake alisimama barabarani amembeba mgongoni, amemfunika koti, anapungia mkono kila gari linalopita. Hakuna lililosimama. Akamfikisha zahanati kwa miguu, wote wawili wamelowa chapachapa. Mtoto alipona, ila baba mtu aliapa moyoni kwamba mwanangu huyu hatanyeshewa tena njiani. Tunaelewana? Gari lile lilinunuliwa kwa ajili ya mtoto yule. Lishikeni hilo, kwa sababu mwenyewe alikuja kulisahau, na alilisahau bila ubaya wowote.

Sasa ikawa wamekwenda kumsalimu bibi, mama yake mama Nakijwa, kule juu milimani. Bibi wa Kipare ukimtembelea unajua kitakachotokea. Makande. Maziwa ya mgando. Ndizi mbivu. Tena makande, kwa sababu yale ya kwanza ulikula kidogo. Mtoto akashiba hadi shingoni. Jioni haijaingia wakaanza kushuka, na barabara ile mnaijua, ni kona juu ya kona. Nakijwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya nailoni.

Akasema, "Mama, tumbo linanisokota."

Mama akasema, "Baba Nakijwa, simama kidogo."

Baba akasema, "Vumilia mwanangu, tunakaribia lami."

Lami haikufika. Makande ndiyo yaliyofika.

Baba akafunga breki. Akageuka, akaona. Na neno la kwanza kumtoka kinywani, mbele ya mtoto anayetetemeka, machozi na kamasi vimechanganyika, gauni la kutokea limeharibika lote, neno la kwanza lilikuwa, "Gari langu!"

Akashuka mbio, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kupangusa kiti. Mtoto amesimama kando ya barabara kwenye upepo wa milimani, mama yake anamfuta kwa ncha ya kitenge. Baba yuko ndani ya gari, anahangaika na kiti.

Hebu niwaulize, wapendwa. Mtu akijikwaa mbele yako, hata humjui, unamwambiaje?

Pole. Naam, mmejibu bila kufikiri. Na mtu akikupita amebeba ndoo ya maji kichwani, hajaanguka, hajaumia, unamwambiaje? Pole. Mtu akitoka safari? Pole. Akiwa anachimba shimo lake mwenyewe shambani kwake mwenyewe? Pole na kazi! Sisi ndio watu wenye neno hilo. Wageni wanakuja kwetu wanalishangaa, wanauliza, "Mbona mnaniomba radhi na si ninyi mlioniumiza?" Hawajui kwamba hatuombi radhi. Tunamwambia mtu kwamba tumemwona. Neno hilo, ambalo tunampa hata mpita njia, siku ile mtoto yule hakulipata kwa baba yake. Na baba huyu si mtu mbaya, nawaambia ukweli. Alishtuka tu. Nani kati yetu hajawahi kushtuka, ulimi ukamtangulia?

Basi. Nailoni ikapanguswa, ikang'aa. Baba akasema afadhali niliweka nailoni, mnaona sasa faida yake? Wakafika nyumbani, wakalala. Kesho yake akafungua mlango wa gari, wapendwa, akarudi nyuma hatua nzima.

Ikaanza vita. Alimwaga sabuni ya unga. Gari likanuka matapishi yaliyofuliwa. Akanunua yale marashi ya kuning'iniza kwenye kioo, akaning'iniza manne. Likanuka matapishi yanayokwenda harusini. Jirani mmoja akamwambia weka kahawa ya unga kwenye kisahani, mwingine akamwambia mkaa unavuta harufu, mwingine akaleta maganda ya limau. Mama mmoja wa Tanga akaleta chetezo na udi, gari zima likafukizwa, moshi ukatoka madirishani hadi watoto wakakimbia kuita watu wakidhani linaungua. Siku mbili likanukia. Siku ya tatu jua likawaka, na mgando wa bibi ukasema, nipo.

Kwaya ikaomba lifti kwenda mazishini. Walipofika njia panda wakaomba kushuka, wakasema leo wanapenda kutembea. Mwinjilisti akapewa lifti, akakaa na kichwa nje ya dirisha njia nzima, akasema anaangalia mashamba. Na kila mara aliposhuka abiria, baba alikuwa akisema neno dogo tu, kwa kulalamika, wala si kwa hasira. "Ni yule Nakijwa. Alinitapikia gari." Mtoto amekaa pale pale anasikia.

Mwishowe mama ndiye aliyesema, "Baba Nakijwa, hivi tunapangusa nini? Ng'oa kiti."

Akang'oa kiti. Wakakuta ile nailoni iliyomlindia kiti ndiyo iliyomponza. Nailoni ni utelezi, haikunyonya kitu. Yote yalikuwa yameteleza nyuma, yakapita kwenye ule ufa kati ya kikalio na mgongo wa kiti, yakaingia kwenye sponji, mengine yakashuka hadi kwenye zulia la chini, na huko yalilala siku zote hizo yakiumuka. Juu panang'aa, chini panaoza. Wakavua nailoni, wakavua kava, wakasugua sponji na zulia kwa siki na maji ya vuguvugu, wakasuuza, wakaacha milango wazi, viti vikaanikwa uani juani hadi vikakauka kabisa. Harufu ikaisha. Ikaisha kweli, asilani haikurudi.

Naona baadhi yenu mmeanza kutikisa kichwa. Mzee wangu pale mbele ameshafunga na daftari. Mnasema, "Tumekuelewa, mchungaji. Tusifunike dhambi kwa marashi, tung'oe kiti. Amina." Ni somo zuri. Ningekuwa mvivu ningeishia hapo tukanywe chai.

Lakini mimi nawauliza, katika vita yote ile, ya sabuni na mkaa na udi na siki, kuna mtu alimwosha mtoto?

Haya, fungueni daftari tena.

Gari limepona. Na jambo la ajabu likatokea. Tangu siku ile Nakijwa hakutapika tena. Walikwenda kwa bibi, hakutapika. Walikwenda Same sokoni, hakutapika. Kona zote zile, kimya, ametulia kwenye kiti cha nyuma. Baba akafurahi, akaanza kumsifu mbele za watu. "Nakijwa wangu siku hizi amekua. Hanitapikii tena." Mtoto akawa anatabasamu, kidogo.

Mama yeye aliona vitu vidogo vidogo. Kwamba kila wakisema kesho tunasafiri, mtoto anachukua sahani yake anakwenda kukaa mlangoni mwa banda la kuku. Kwamba sahani inarudi nyeupe. Kwamba asubuhi ya safari ukimpa chai anasema, "Nimeshiba, mama." Ameshiba nini saa hizo? Lakini mama ana mambo mengi, na mtoto aliyerudisha sahani nyeupe humgombezi. Kuku wao walinenepa, majirani wakawa wanauliza wanalishwa nini.

Ikafika siku ya kipaimara cha binamu yake, kule kule juu kwa bibi. Nakijwa alipangwa kuimba na watoto wenzake. Safari yenyewe ilichelewa, ibada ikawa ndefu, mnajua sisi wachungaji tukipata watu wengi tunavyofanya. Jua limesimama katikati, watoto wakaitwa mbele. Wakaanza ubeti wa kwanza. Katikati ya ubeti wa pili Nakijwa akaanguka, akagonga kichwa kwenye ngazi ya madhabahu, na hakuinuka.

Baba yake akamchukua mikononi akakimbia naye. Hapo hakukumbuka kama ana gari. Zahanati iko ng'ambo ya uwanja, alikimbia kwa miguu.

Nesi akampokea, akampima, akamtundikia dripu. Akamgeukia baba.

"Mtoto huyu amekula lini?"

Baba, kwa kuona aibu, akasema, "Dada yangu, mimi nyumbani kwangu chakula kipo."

Nesi akasema, "Baba, sijauliza kama kipo. Nimeuliza yeye amekula lini."

Baba akamtazama mama. Mama akamtazama baba. Hakuna aliyejua.

Baada ya muda mtoto akafumbua macho. Nesi akasema vizuri, sukari inapanda, mpeni uji taratibu, kisha mshuke naye hospitali ya wilaya wakamwangalie kichwa. Bibi, ambaye alikuwa amekuja anahema, akakimbia kuleta uji wa moto wenye sukari na maziwa. Mama akamwinua mtoto, akamsogezea kikombe mdomoni.

Mtoto akafunga mdomo. Akageuza uso.

"Kunywa, mwanangu."

"Nitakunywa tukifika nyumbani."

"Nakijwa, umeanguka. Nesi amesema unywe sasa."

"Sasa hivi siwezi, mama."

"Kwa nini huwezi?"

Akasema kwa sauti ndogo, na hakumtazama mama yake, alimtazama baba yake aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Si tunapanda gari?"

Wapendwa. Wapendwa wangu. Yule bwana akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya zahanati, na suti yake ya kipaimara. Akaelewa yote kwa mara moja. Kuku. Sahani nyeupe. Ule ukimya wa kiti cha nyuma aliokuwa akiusifu kwa watu. Mwanawe hakuwa amepona kutapika. Mwanawe alikuwa anakaa na njaa ili gari la baba lisinuke.

Akainuka, akakichukua kikombe kwa mama, akashika kichwa cha mtoto. Akasema, "Kunywa, mama yangu. Ukitapika, tapika. Pole. Pole sana, mwanangu. Pole hii ni ya siku ile."

Mtoto akamwangalia kwanza, kuhakikisha. Kisha akanywa.

Na mkitaka kujua, ndiyo, njiani kushuka hospitali alitapika. Tumbo tupu, uji wa maziwa, kona zile zile, angeachaje? Alipohisi inakuja akashika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa hofu. Gari alikuwa akiendesha mjomba, maana baba safari ile alikaa nyuma na mtoto. Baba akamwondoa mikono mdomoni, akakinga viganja vyake mwenyewe.

Sasa tushuke kwenye gari, turudi kwetu sisi.

Sisi nasi tunalo gari letu. Ndilo kanisa hili, lenye madirisha mapya na vigae tulivyochangishana. Tulilijenga kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watu waliokuwa wananyeshewa, tukasema tuwe na mahali pa kuwabeba. Bwana wetu alimgusa mwenye ukoma kwanza, kumtakasa kukafuata. Lakini sisi mtu akituangukia humu ndani, neno letu la kwanza ni lipi? Semeni ukweli, nyumba ni ya Mungu. Tunasema, "Ametuaibisha. Amechafua usharika. Watu wa madhehebu mengine watasemaje?" Gari langu! Gari langu!

Na halafu tunajisifu. Tunasema usharika wetu umetulia, siku hizi hatuna kesi, hatusikii jambo. Ndugu zangu, harufu ikiisha kwenye nyumba yenye watu kuna sababu mbili. Ama watu wamepona, ama watu wameacha kula. Kuna baba hapa ameachishwa kazi na bado anakuja na tai yake, kwa sababu anajua tutakavyomtazama akisema. Kuna mama hapa anapigwa, na juzi tulimsifu kwamba ndoa yake ni ya mfano. Kuna kijana anapambana na pombe, na amekaa leo benchi la katikati, msafi, kimya, hatupi kazi. Tunasema wamekomaa kiroho. Hawajakomaa, jamani. Wana njaa. Wanashika mdomo kwa mikono miwili wasije wakatuchafulia. Na ipo siku wataanguka hapa hapa mbele ya madhabahu, halafu tutaulizana wamekula lini, na hakuna atakayejua.

Sisemi uchafu usioshwe. Yule baba alikuwa na haki ya kuosha gari, na siki ni dawa nzuri. Nasema kuna kinachotangulia. Siki haikimbii. Jua la kuanikia viti litakuwepo na kesho. Mtoto aliyesimama kwenye upepo ndiye asiyeweza kungoja.

Mnamkumbuka binti wetu wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, yule aliyepata ujauzito. Sitamtaja, mnamjua. Siku baraza letu lilipopata habari tulituma mtu nyumbani kwao, na alichotumwa kufuata ni sare ya kwaya. Tuliichukua sare kabla hatujamuuliza kama amekula. Sasa ana mtoto wa kunyonya, na hajakanyaga hapa tena, na sisi tumepumua, tumesema mambo yametulia.

Wengine wangewaambia mgeukie jirani yako umwambie neno. Mimi leo sisemi hivyo. Jirani uliyenaye hapo ameshafika. Nendeni kwa asiyekuwepo. Na mkifika mlangoni msianze na "Mbona siku hizi huonekani?" maana hilo nalo ni kupangusa kiti.

Chai ya leo wazee wataisimamia bila mimi. Sare ya yule binti iko mezani ofisini, mama mchungaji ameifua na kuipiga pasi, na bibi mmoja wa mtaa wa juu ameniletea chupa ya uji. Nakwenda sasa hivi, kwa miguu. Kitu kimoja tu naomba. Yule aliyetumwa siku ile kuichukua sare, popote alipokaa humu ndani, asimame, twende naye, na aibebe yeye.